Hadithi ya Mbega na Watoto Wetu

Desturi yetu wengi, tukiisha kumsimulia mtoto hadithi, ni kumwuliza, "Mafunzo yake nini?" Naye hujibu upesi, "Tuwe wema," akaenda zake kucheza. Jibu lake ni la kweli, lakini hadithi yenyewe hakuitazama.

Twapenda kuonyesha njia nyingine kwa kitabu cha kwetu, Habari za Wakilindi, alichotunga Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa na Wakilindi, kisha akawa liwali wa Tanga. Kilipigwa chapa Magila na misheni ya U.M.C.A., sehemu kwa sehemu, kikatolewa tena Nairobi mwaka wa 1962.

Mbega alizaliwa Ngulu, akaota meno ya juu kwanza, basi akahesabiwa kigego. Wazazi wake walipokufa, jamaa wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa zake kuwinda nguruwe, hata akafika Usambara; huko akawagawia watu nyama, akaua simba, wakamtawaza Vuga. Mtoto na aulizwe: ni nini kilichogeuka, tabia ya Mbega, au macho ya watu waliomtazama? Mwindaji ni yule yule. Ngulu aliitwa nuksi, Vuga aliitwa Simba Mwene. Swali hili lastahili kupewa siku nzima.

Tena, mtoto akisema jamaa walikuwa wabaya tu, tusimwachie hapo. Waliamini kwamba kigego huleta kifo nyumbani. (Sisi Wakristo twaikataa imani hiyo, iliyoangamiza watoto wengi, lakini asiyeijua hofu ya mtu hawezi kujua sababu ya matendo yake.) Na mali nayo ilikuwapo. Mtoto apime mwenyewe lipi lilikuwa zito zaidi, hofu au mali.

Kabla ya kufika Usambara, Mbega alikaa Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa mji. Kijana yule aliuawa na nguruwe mwindoni, Mbega akakimbia. Mwambieni mtoto aisimulie habari hii kwa kinywa cha baba aliyefiwa. Vivyo hivyo mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, waweza kusimuliwa na yule ndugu mkubwa aliyetoka shamba akasikia ngoma.

Limebaki jambo zito. Kimweri alipokufa mwaka wa 1862, Wakilindi waligombana wao kwa wao, na Wabondei wakainuka wakawafukuza. Vita vile vyaitwa Kiva. Mwandishi wetu alikuwa mtu wa Wakilindi. Katika darasa moja la Muheza aweza kuketi mjukuu wa Mbondei pamoja na mjukuu wa Mkilindi. Mwalimu akiisoma habari hiyo kana kwamba imeshuka mbinguni, mmoja atatoka na kiburi, na mwenziwe na uchungu. Heri aulize: Nani asema hapa? Alikaa upande gani? Nani hakuulizwa? Kisha wote wawili waende kwa wazee wao, walete habari walizopewa, nazo zisomwe pamoja mbele ya darasa, hata zisipopatana.