Moto wa Kadiri Uzidishao Nguvu za Alumini

Madini tuyatumiayo kila siku, japo huyeyuka mbele ya moto, yapoapo hurudi katika nidhamu yake, atomi zikajipanga safu kwa safu na kufanya fuwele. Wala nidhamu hiyo haivunjiki ila yapozwe kwa kasi ambayo atomi hazipati wasaa wa kujipanga, yakaganda ovyo mithili ya kioo. Hali hiyo ilipatikana mwaka 1960 huko California, Pol Duwez na wenziwe walipopoza ghafla mchanganyiko wa dhahabu na silikoni.

Alumini ilikuwa kaidi zaidi. Mpaka 1988 ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, na wale wa Virginia, Marekani, walipodhihirisha kwamba alumini nyingi, ikitiwa nikeli au chuma na kiasi kidogo cha madini adimu kama itriamu au seriamu, kisha ikamiminwa juu ya gurudumu la shaba lizungukalo kwa kasi, hutoka utepe mwembamba, imara, usio na fuwele.

Lakini ajabu kubwa zaidi, kwa rai yangu, huanza utepe huo urejeshwapo motoni: si moto wa kuyeyusha, ambao kwa alumini safi ni nyuzi 660, bali moto wa kadiri usiofika nyuzi 300. Hapo atomi zilizonaswa ovyo huanza kusogea, na mahali pengi mno kwa wakati mmoja huzaliwa punje za alumini zenye upana wa nanomita 10 hivi, yaani mita moja iliyogawanywa sehemu milioni 100. Punje hizo zingalikua hadi kugusana, lau si atomi za madini adimu, ambazo ni kubwa na nzito kusogea. Kila punje ikuapo huzisukuma nje, nazo zikarundikana kuizingira, na alumini iliyo nje isiweze kuifikia upesi.

Tepe zenye punje za namna hii zimepimwa zikahimili mvuto wa megapaskali 1,560, ilhali aloi (yaani mchanganyiko) ya alumini iitwayo 7075, mashuhuri katika ndege, huhimili kiasi cha 570. Moto ukizidi, alumini huungana na nikeli na madini adimu, na utepe ukawa mwepesi wa kuvunjika.

Basi shida iliyosalia si nguvu, ni unene. Ili kupata kipande kinene, aloi husagwa au kunyunyizwa ikawa unga, kisha ikashindiliwa kwa joto, na joto lilo hilo ndilo liwezalo kuziharibu punje. Atakayeushindilia unga huo pasipo kuzikuza punje zake atakuwa ameitendea alumini hisani kubwa kuliko hata wale walioutoa utepe wa kwanza.