Mama wa Tanga Aendapo Mombasa Mara ya Kwanza

Mama wa Raskazone akisema amekwenda nchi ya nje, majirani hudhani amepanda ndege. Kumbe iko nchi ya nje iliyo karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Kutoka Tanga hadi Mombasa ni pungufu kidogo ya kilomita 200, nayo ni lami tupu. Hata hivyo wapo akina mama wengi miongoni mwetu waliovuka miaka hamsini, wenye shangazi na binamu huko, na hawajapata kukanyaga.

Kikundi chetu kilichanga kidogo kidogo kwa miezi minane. Tuliondoka kumi na wawili, tukafika kumi na mmoja. Tunaanza na habari hiyo, maana ndiyo iliyotuuma.

Mwenzetu mmoja, tena ndiye aliyetoa wazo la safari, alikuja stendi na kitambulisho cha kupigia kura peke yake. Alidhani kinatosha, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki hatoi viza kuingia Kenya. Ni kweli viza haidaiwi, lakini hati ya safari inatakiwa: pasipoti, au ile hati ya muda inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Pale Horohoro hakupita. Alikabidhi vikapu vyake vya zawadi, akashika gari la kurudi. Hatukuwa na neno la kumwambia. Sisi wenyewe tulikuwa na wiki nzima ya kukaguana hati pale Raskazone, tukaitumia kujadili sare. Basi, ndugu msomaji, kagua hati za wenzako kabla ya kukata tiketi, na uchukue pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na faini yake si ya mchezo.

Mpakani utawakuta vijana wenye mabunda ya noti. Mwenzetu mmoja alibadilisha kwao, akahesabiwa kwa ustadi mkubwa, na kwenye gari akakuta noti mbili zimekunjwa katikati ili zihesabike mara mbili. Benki au duka la fedha ni salama zaidi. Jambo la kushika kichwani ni kwamba shilingi moja ya Kenya huzunguka karibu na 20 za kwetu. Bila hesabu hiyo utasikia bei ya mia saba ukashangilia, kumbe ni elfu kumi na nne.

Likoni unavuka kwa feri. Waendao kwa miguu hawalipi, na wingi wa watu asubuhi na jioni haujapata kuonekana Tanga. Shikaneni mikono, mkubaliane mapema mtakutana wapi mkitengana, na kamera ibaki mkobani, maana kupiga picha pale hakuruhusiwi. Kama umepanda gari, shuka uvuke ukiwa umesimama. Wenyeji hawaichezei feri. Jirani na hapo, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka, wakafa watu 272. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba ya 1996 hatuhitaji kuelezwa zaidi. Siku hizi iko pia barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri, ila anayekwenda mara ya kwanza asikose kuuona mji ukimkaribia kutoka majini.

Fort Jesus nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ndani mtasimuliwa habari za Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa kwa Wareno, akabatizwa, akaitwa Jerónimo. Mwaka 1631 aliwageuka, akaiteka ngome, na Wakristo wengi wakauawa. Tulisikiliza kimya. Kisha Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwa ndani. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Msipite mbio. Viko vyombo vilivyotolewa katika jahazi la Kireno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697, na kuta zake zina vivuli vizuri vya kukaa wazee.

Na Mombasa si ngeni kwa historia yetu. Novemba 1914 ni pwani hii hii ya Raskazone waliposhuka askari wa Uingereza na Uhindi kuja kuiteka Tanga. Walishindwa, wakarudi melini, wakaelekezwa Mombasa.

Mji wa Kale uko ubavuni mwa ngome: milango ya nakshi, roshani za mbao, vichochoro. Vaeni kwa heshima kama mngevaa Ngamiani, na msimpige mtu picha bila idhini. Kuhusu chakula tutasema machache, kwa kuwa mtakula bila kufundishwa: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, na mihogo ya kukaanga na madafu pale Mama Ngina, pepo za bahari zikipuliza. Zile pembe kubwa za barabara ya Moi, zilizowekwa mara ya kwanza 1952, ni picha ya dakika tano tu.

Mtaa wa Biashara ndio uliotumalizia fedha. Humo ni khanga na vikoi duka kwa duka. Ila ujue kwamba khanga kwao ni leso. Mmoja wetu aliomba leso ya kufutia jasho, akatandaziwa doti sita mezani, na kwa aibu akanunua mbili. Soma jina la khanga kabla ya kulipa. Umpelekee mama mkwe maneno ya kumchokoza, usije ukasema hukuonywa.

Mahali ambapo wageni wengi hawapelekwi ni ng'ambo, Nyali. Huko ndiko alikozikwa Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huo huo Rosine akajifungua binti homa ikiwa imemshika. Akafa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa ile ile. Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wengi wetu tumezaa, na wawili kati yetu wamezika. Hakuna aliyeombwa kusema kitu, wala hakuna aliyesema.

Si mbali na hapo ni Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao ya tahadhari ndiyo iliyopaachia mahali jina la Kengeleni. Makondakta wa matatu huita jina hilo kutwa nzima, na sidhani wote wanajua wanaita nini. Mwenye siku ya ziada aende Rabai, alikojenga Krapf 1846, au Bamburi aone jinsi machimbo ya saruji yalivyogeuzwa msitu wenye wanyama, kazi iliyoanzwa na René Haller mwaka 1971. Watoto watapenda Bamburi. Rabai ni ya watu wazima.

Siku mbili zinatosha kwa mwanzo. Rudini kwa gari la asubuhi, msije mkafika mpakani giza limeingia mizigo ikiwa mingi.

Tulimpelekea mwenzetu doti moja iliyochaguliwa na watu kumi na mmoja, jambo lililochukua saa nzima. Aliipokea, akaikunja bila kuisoma jina, akauliza kama kaburi la yule mama tumeliona na likoje. Tukamweleza. Pasipoti yake sasa anayo, ameifungia kabatini, na kila tukikutana anataka kujua tunaanza lini kuchanga.