Kiti cha mtoto huanza na futi kamba, si na mchango

Picha hizi huwa zinafanana. Mgeni rasmi ameshika mpini wa kiti mwendo kipya ambacho hata nailoni haijatolewa, na ndani yake ameketishwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye miguu yake haifiki hata ukingoni. Makofi yanapigwa, mama anashukuru, magari yanaondoka. Baada ya siku chache kiti kimekunjwa nyuma ya mlango au kimeanikiwa nguo, na mtoto yuko palepale alipokuwa: chali kwenye mkeka, au mgongoni kwa bibi yake.

Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Aliyetoa ametoa kwa moyo, na aliyepokea alikuwa na shida ya kweli. Kilichokosekana ni mtaalamu wa kumpima mtoto kabla mtu yeyote hajauliza kiti kinauzwa shilingi ngapi. Mzazi anayetafuta msaada wa gharama za vifaa vya mtoto mwenye ulemavu atafika mbali zaidi akianza na kipimo kuliko akianza kuzunguka na bakuli.

Uhitaji wenyewe ni mkubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani hadi kiti mwendo, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini upatikanaji unashuka hadi asilimia 3 tu ya mahitaji. Mtoto mdogo ana mtihani wa ziada, kwa sababu anakua. Kinachomtosha Januari, Desemba kinambana.

Vipimo vinne

Mtaalamu wa fiziotherapia au fundi sanifu wa viungo hutumia futi kamba ileile ya fundi cherehani. Mtoto huketishwa akiwa ameshikwa wima, kisha vinachukuliwa vipimo vinne vya msingi: upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, urefu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, na kimo cha mgongo.

Vikikosewa, mwili ndio unaolipa. Kiti kikiwa kirefu kuliko paja, mtoto huteleza mbele akakalia mfupa wa mkia, mgongo ukapinda, kidevu kikaangukia kifuani. Akinyweshwa uji katika mkao huo, uji unaweza kupotea njia ukaingia kwenye mapafu, na kikohozi kikageuka nimonia. Ndiyo maana kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kiti kinahusu chakula na pumzi kabla hakijahusu kutembea mjini.

Karatasi yenye vipimo hivyo, jina la tatizo, aina ya kifaa na bei iliyoandikwa na karakana ina nguvu ya pekee. Ombi la "nisaidieni, mwanangu mgonjwa" humwachia mfadhili kazi ya kubahatisha. Ombi la kiti chenye egemeo la kichwa, mkanda wa nyonga na upana wa sentimita 22, lenye saini ya hospitali, linamwonyesha hela inakwenda wapi. Aidha, mtaalamu aliyempima mtoto mara nyingi ndiye anayejua ni shirika gani limeleta viti vya watoto na ni karakana gani inapokea malipo kidogo kidogo.

Si kila kitu ni cha dukani

Katika miaka miwili ya mwanzo, mtoto aghalabu hahitaji kiti mwendo. Kinachohitajika huwa ni kidogo zaidi, ila ni cha mapema.

Chukua mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa nyayo zimegeukia ndani. Kwa njia iliyobuniwa na Dk Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, mguu hunyooshwa taratibu kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa wiki kadhaa. Wengi hufanyiwa upasuaji mdogo wa kulegeza mshipa wa kisigino. Baada ya hapo huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu hadi umri wa miaka minne au zaidi. Viatu vya kiwandani vya aina hiyo ni ghali. Hata hivyo, Michiel Steenbeek, akifanya kazi katika kituo cha Katalemwa nje kidogo ya Kampala, alibuni viatu vinavyoweza kushonwa na fundi wa hapahapa kwa ngozi na chuma cha kawaida. Kisiginoni ameacha tundu dogo. Mama huchungulia hapo: akikiona kisigino kimekaa chini, kiatu kimevaliwa sawasawa; asipokiona, afungue aanze upya.

Kwa mtoto anayeshindwa kuketi, ipo teknolojia ya karatasi iliyoenezwa kutoka Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer. Maboksi ya katoni hukatwa, yakapangwa tabaka juu ya tabaka huku mistari yake ikipishana, yakagandishwa kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa na kukandamizwa kwa mawe. Maungio hufunikwa kwa vipande vya gazeti, kazi yote ikaachwa ikauke kabisa, kisha ikapakwa vanishi au rangi ya mafuta, maana adui yake mkubwa ni maji, na mtoto wa umri huo hukojoa. Kiti hicho hufuata vipimo vya mtoto mmoja tu. Akikua, kinatengenezwa kingine, na gharama kubwa ni muda wa mtu aliyefundishwa. Kisitengenezwe kwa kukisia, kwa sababu katoni ikikosewa vipimo humkunja mtoto sawa na chuma.

Na kuna kisichonunuliwa kabisa. Mtoto ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi, wataalamu huwaelekeza wazazi wambebe ubavuni au mgongoni mapaja yakiwa yameachana. Kanga iliyopo ndani inatosha.

Wapi pa kubisha hodi

Tanzania Bara, safari ya karatasi huanzia serikali ya mtaa au kijiji. Barua ya mwenyekiti humtambulisha mzazi kwa ofisa ustawi wa jamii, na ofisa huyo ndiye anayeweza kuandika mapendekezo ya msamaha wa gharama hospitalini. Sera inasema matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma ni bure, lakini viatu, vishikizo na viti mara nyingi havimo katika bure hiyo. Mwenye bima aulize kabla ya kifaa kuagizwa, na jibu alipate kwa maandishi.

Kwa vipimo na utengenezaji, majina yanayotajwa zaidi ni hospitali za CCBRT ya Msasani, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1994, na KCMC ya Moshi, ambako pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi sanifu wa viungo tangu 1981. Wenye watoto wa kichwa kikubwa au mgongo wazi wana chama chao, ASBAHT, na taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, ndiyo kimbilio lao kubwa la upasuaji. Vyama vya wazazi vina faida moja isiyoandikwa popote: kiti alichokiacha mtoto aliyekua huhamia kwa mwingine, baada ya kupimwa.

Kenya, mlango wa kwanza ni kumsajili mtoto katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ambalo mfuko wake hutoa vifaa saidizi. Kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa zinaweza kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Chama cha APDK, kilichoanzishwa 1958, hutengeneza viti na vifaa vya viungo.

Mwenye ndugu Ulaya au Ghuba anayetaka kutuma kifaa akumbuke kuwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 ina kifungu cha kusamehe ushuru wa vifaa vya watu wenye ulemavu. Msamaha uombwe kabla mzigo haujafika, kwa sababu wakala atadai chake na ghala la bandari litahesabu siku zake.

Nauli ndiyo inayowakwamisha

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkataba unataka vifaa vya kujongea vipatikane kwa bei ambayo mtu anaimudu. Kwa mama wa Mkuranga anayepaswa kufika Msasani kila wiki kubadilishiwa hogo la mtoto, bei hiyo ni pamoja na daladala za kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na siku nzima ambayo meza yake ya nyanya haikufunguliwa. Wengi wanaoacha matibabu katikati huachia hapo, hata kama hogo lenyewe ni la bure.

Basi anayetaka kuchangia na aulize maswali matatu kabla ya kutoa hela: nani amempima mtoto, nani atakitengeneza kifaa kikivunjika gurudumu, na nani atampima tena mwakani. Akikosa majibu, hela hiyo aielekeze kwenye nauli ya kliniki. Nauli haina saizi ya kukosea.