Mchumi aliyefika jukwaani kwa njia ya kuzunguka

Majuzi nilialikwa na shule moja ya Homa Bay kuzungumza na watahiniwa kuhusu tamthilia. Nilipomaliza, kijana mmoja kutoka Migori alisimama, akauliza: “Prof, baba anataka nisomee uchumi. Mimi nataka kuandika michezo ya kuigiza. Si nitapoteza miaka bure?”

Nilimjibu kwa kisa cha Robert Serumaga wa Uganda, aliyezaliwa mwaka wa 1939. Alisomea uchumi katika Trinity College, Dublin, hadi shahada ya uzamili. Kisha akafanya kazi BBC, London. Aliporudi nyumbani alichapisha riwaya, Return to the Shadows (1969). Hata hivyo, tunamkumbuka zaidi kwa tamthilia, zikiwemo Majangwa na Renga Moi, na kwa kundi lake la waigizaji, Abafumi, yaani wasimulizi.

Je, miaka ile ilipotea? Sidhani. Tuanze na neno lenyewe. ‘Tamthilia’ limetokana na Kiarabu, na lina undugu na ‘mithili’ na ‘methali’. Shina lao ni kufananisha. Sasa, utafananisha nini ikiwa hujaona kitu? Tena anayefanya kazi ya redio hujifunza uzito wa sauti, maana msikilizaji haoni. Katika Amayirikiti, Serumaga alitegemea miili, ngoma na vilio kuliko mazungumzo. Enzi za Idi Amin, neno lingeweza kumponza msemaji. Kilio je, nani angekishtaki?

Renga Moi nayo inatokana na masimulizi ya Waacholi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo. Nikawauliza wanafunzi: ikiwa Muganda alivuka mipaka ya lugha yake kutafuta hadithi, nyinyi wenye Nyamgondho wa Gwassi na Gor Mahia wa Kanyamwa mnangoja nini?

Sikumficha kijana upande wa pili. Njia ya Serumaga ilipinda tena: Amin alipoanguka mwaka wa 1979, akawa waziri katika serikali ya Yusuf Lule. Mwaka uliofuata alifariki jijini Nairobi, kalamu yake ingali na wino.

“Basi somea uchumi ukitaka,” nikamwambia, “lakini daftari la michezo usilifunge.”

“Na baba je?”

“Mwandikie mchezo autazame. Hoja yako ataiona jukwaani.”