Land Rover ya Babu

Picha ilitoka kwenye sanduku la bati la shangazi, Koboko. Babu ameegemea Land Rover, kofia mkononi, na nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli: Arua, 1955. Sote tuliamini.

Nikaazima lenzi kwa fundi saa mjini Arua. Rangi haisaidii, picha yenyewe nyeusi na nyeupe. Nilianza na taa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, taa kubwa za Land Rover zilikaa katikati, kwenye wavu wa mbele ya rejeta. Kisha zikahamishiwa kwenye madigadi. Za babu ziko kwenye madigadi. Mwaka 1955? Haiwezekani!

Magari mengine nayo yana alama zake. Volkswagen ya mgongo wa kobe, kwa mfano, itazame nyuma: kioo cha vipande viwili ni cha hadi mapema 1953, cha umbo la yai kikadumu mpaka 1957, halafu kikaja cha mstatili. Ila gari hukwambia tu picha haikupigwa kabla ya mwaka gani. Huku kwetu magari huzeekea barabarani.

Nilipomweleza shangazi, alicheka. Mwandiko ni wake, aliukisia mwaka.

“Na gari si la babu yako, mwanangu. Aliliegemea tu.”