Antena ya TV nyumbani: ulizia mnara kabla ya kuulizia bei

Mpunga ukishauzwa na mahindi yakishapata mnunuzi, familia nyingi za mkoa wetu wa Katavi hukaa na kukubaliana: mwaka huu tununue TV. Inanunuliwa Mpanda mjini, inafungwa kwenye bodaboda au inapakiwa kwenye basi, inafika kijijini salama. Antena inapandishwa, king'amuzi kinawashwa, watoto wamekwishakaa mkekani, na kioo kinaandika "No Signal". Fedha ya magunia kadhaa imekaa ukutani bila kazi.

Ndiyo maana leo tunaeleza namna ya kuchagua antena ya nyumbani. Wengi wakifika dukani huuliza, "Antena ipi ni kali?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mnara unaorusha matangazo uko wapi, na kati ya mnara huo na paa lako kuna nini? Antena haitengenezi mawimbi, inapokea tu yale yaliyofika. Yasipofika, hata antena ya bei kubwa kuliko zote haitakusaidia.

Kwa nini zamani tuliona chenga, na leo hatuoni kitu

Wanaokumbuka TV za analojia wanajua chenga. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha ilikuja na theluji, lakini mpira ulionekana na sauti ilisikika. Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Ni mwaka huohuo wa 2012 ambao Katavi ilitangazwa kuwa mkoa, baada ya kugawanywa kutoka Rukwa.

Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha inakatika vipandevipande, inaganda, kisha inapotea. Hakuna katikati. Kwa hiyo jirani yako anaweza kuona vizuri na wewe, nyumba ya tatu kutoka kwake, usione chochote, kwa sababu tu mwembe mkubwa umekaa upande wenu.

Pima njia kabla ya kununua

Mawimbi ya TV husafiri karibu sawa na mwanga wa tochi, yaani kwa mstari ulionyooka. Hayapindi sana kuufuata mgongo wa dunia, na mlima ukisimama mbele, nyuma yake kunakuwa na kivuli.

Tuchukue mfano. Mnara una urefu wa mita 100, umesimama kwenye ardhi tambarare, na antena yako iko mita 9 juu ya ardhi. Kwa hesabu ya mafundi wa redio, mawimbi yatakufikia ukiwa ndani ya kilomita 54 hivi. Zaidi ya hapo dunia yenyewe inainuka katikati na kuyaziba. Mnara ukiwa juu ya mlima umbali huo unaongezeka, na mlima ukiwa katikati ya njia unapungua.

Sasa tazama mkoa wetu. Anayeishi Sitalike, kilomita kama 35 kwa barabara kutoka Mpanda mjini, angeweza kufikiwa na mnara wa namna hiyo uliopo mjini. Lakini Karema kule ziwani, Inyonga na Majimoto ziko mbali kuliko kilomita 54, hata ukipima kwa njia ya ndege. Karema ina shida ya ziada, kwa kuwa iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, na kati yake na Mpanda kuna milima. Majimoto, Mamba na vijiji vingine vya Mpimbwe viko ndani ya bonde la Rukwa, na ukuta wa Lyamba lya Mfipa unaweza kuzuia mawimbi yanayotoka upande wa pili.

Kipimo rahisi kuliko vyote hakina gharama: tembea kijijini kwako ukitazama mapaa. Ukiona antena kadhaa zimeelekea upande mmoja na wenyeji wanasema zinafanya kazi, umekwishapata jibu la mnara na mwelekeo wake. Ukiona madishi tu, usiwe wa kwanza kujaribu bila kuuliza. Mpigie wakala wa kampuni ya ving'amuzi, mtajie kijiji chako hasa, si wilaya. Kuambiwa "Tanganyika inashika" hakutoshi, wilaya ni kubwa.

Antena ipi sasa

Ukishajua kwamba mawimbi yanafika, uchaguzi wa antena ni mwepesi.

Matangazo ya dijitali ya ardhini yanatumia masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Antena ya masafa hayo ina vijiti vifupi. Chukua rula ya shule ya sentimita 30: vijiti vingi vinapaswa kukaribia urefu wake au kuwa vifupi zaidi, kushuka hadi sentimita 20 hivi. Ukikuta antena yenye vijiti virefu tu, vinavyokaribia mita moja, hiyo ilitengenezwa kwa masafa mengine. Iache dukani.

Kwa maumbo, zipo za aina tatu unazoweza kukutana nazo:

Antena ya ndani, ile ndogo ya kuweka mezani au juu ya TV. Inafaa kwa aliye karibu sana na mnara. Chini ya paa la bati inapata shida, kwa sababu bati huzuia mawimbi.

Antena ya nje yenye vijiti vingi kwenye mhimili mmoja, inayofanana na mfupa wa samaki. Hii ndiyo tunayoishauri kwa wengi wa vijijini. Inatazama upande mmoja tu, na ndiyo sababu ina nguvu. Kwa kawaida vijiti vikiwa vingi, inakamata mbali zaidi, lakini pia inahitaji kuelekezwa kwa uangalifu zaidi.

Antena ya nje yenye wavu nyuma na vijiti mbele. Nayo ni nzuri kwa UHF, ila upepo huishika zaidi, hivyo nguzo yake iwe imara.

Usitishwe na maneno ya kwenye boksi

Boksi likiandikwa "antena ya dijitali", "HD", "4K" au "5G", usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya maneno hayo. Antena haijui kama mawimbi ni ya dijitali au analojia. Ile ya UHF ya zamani iliyo juu ya paa la babu, kama vijiti havijavunjika na viungo havijashika kutu, inaweza kufanya kazi leo. Kadhalika maneno kama "kilomita 300". Tumekwishaona kwamba mgongo wa dunia hauruhusu hivyo.

Cha kusoma kwa makini ni king'amuzi au TV. Tafuta maandishi DVB-T2. Na kumbuka kwamba TV yenye kipokezi ndani yake inaweza kukamata mawimbi bila kuonyesha chaneli zilizofungwa. Hizo hufunguliwa na king'amuzi cha kampuni yenyewe. Muulize muuzaji akuwashie uone.

Urefu, waya na busta

Fedha ikiwa kidogo, iweke kwenye nguzo kabla ya kununua busta. Antena ikipanda juu ya bati, juu ya migomba na juu ya paa la jirani, mara nyingi inapata zaidi kuliko busta yoyote ingeweza kuongeza.

Angalia pia miti. Msitu wetu wa miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kuchipua kuelekea mvua. Majani mabichi, hasa yakilowa, hupunguza mawimbi. Antena iliyofungwa mwezi wa nane ikafanya kazi inaweza kukugomea mwezi wa kumi na mbili, na hapo fundi wala kampuni hawana kosa. Tangu mwanzo chagua upande wa nyumba ulio wazi kuelekea mnara.

Waya uwe ule wa mduara wa antena, wenye maandishi RG6. Waya wa umeme wa kawaida haufai. Hata RG6 yenyewe, ukiwa na mita 20, hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi njiani, na waya mwembamba wa bei rahisi hupoteza zaidi. Kata urefu unaohitajika tu, usizungushe mita kumi za ziada nyuma ya TV. Kiungo cha juu kizibwe vizuri, maji ya mvua yakiingia ndani ya waya, umekwisha.

Busta inafaa pale mawimbi yanapofika lakini ni dhaifu, au waya ni mrefu. Inakuza kila kitu, mawimbi pamoja na makelele yake, kwa hiyo pasipo na mawimbi inakuza makelele matupu. Ifungwe juu karibu na antena, maana ikiwa nyuma ya TV inakuza kile kilichokwishaharibika njiani. Ukiwa karibu na mnara usiitumie kabisa, inaweza kulemea king'amuzi na picha ikapotea. Baadhi ya antena zenye busta hupata umeme wa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi, na lazima uwashe sehemu hiyo kwenye menyu. Kwa wanaotumia sola, inveta ya bei rahisi nayo hutoa makelele. Iweke mbali na waya wa antena.

Kuielekeza

Kazi hii ni ya watu wawili wenye simu. Mmoja yuko kwenye nguzo, mwingine mbele ya TV akiwa amefungua ukurasa wa kupima mawimbi. Pana mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Fuata wa ubora. Zungusha antena kidogo, subiri sekunde kadhaa, kwa kuwa dijitali huchelewa kujibu, kisha zungusha tena. Ncha yenye vijiti vifupi ndiyo inayotazama mnara. Tazama pia antena za jirani zinazofanya kazi: vijiti vyao vimelala au vimesimama? Nawe fanya vivyo hivyo. Ukishapata ubora mzuri, kaza nati kisha tafuta chaneli upya.

Radi si ya kuchezea

Nguzo ya chuma iliyopita urefu wa paa ni mwaliko kwa radi, na mvua zetu za kuanzia Novemba huja nayo. Mwombe fundi aunganishe nguzo na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini kwa waya mnene. Hiyo haikupi kinga kamili. Ukisikia ngurumo kwa mbali, chomoa TV kwenye umeme na uchomoe waya wa antena nyuma yake, kisha kaa mbali nao. Ukichelewa na radi imekwishafika juu yenu, usiushike. Mtu yeyote asipande kwenye paa mawingu yakiwa mazito. Na nguzo isimame mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata ikianguka haizigusi. TV hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Pale ambapo dishi ndilo jibu

Kama uko nyuma ya mlima au mbali mno na mnara, usipoteze fedha kwa antena ya pili na ya tatu. Dishi hupokea kutoka kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na milima yetu haifiki huko. Dishi la Azam, kwa mfano, linapokea kutoka setilaiti za Eutelsat zilizo nyuzi 7 mashariki. Kwa mtu wa Katavi hilo linamaanisha kutazama magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, na juu sana. Unachohitaji ni uwazi wa anga upande huo tu. Ubaya wake ni kwamba mvua kubwa huweza kukata picha kwa muda.

Antena nayo ina faida yake. Mawimbi yake hayasumbuliwi sana na mvua, na chaneli za kitaifa za kutazamwa bila malipo, kama TBC1 na ITV, zinatakiwa kuendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha. Jambo moja la kukumbuka: king'amuzi cha antena na cha dishi ni vitu viwili tofauti. Ukikosea, kimoja hakigeuki kuwa kingine.

Kabla ya kutoa fedha

Jiulize haya matano. Je, kuna mtu kijijini kwangu anayepata picha kwa antena? Mnara uko upande gani, na kuna mlima katikati? Vijiti vya antena hii havizidi sana rula ya shule? King'amuzi kina DVB-T2? Na muuzaji yuko tayari kuandika kwenye risiti kwamba nikirudisha bila kuharibu, atanibadilishia?

La mwisho lisikutie aibu. Ikiwezekana, azima antena ya jirani siku moja, uijaribu kwenye paa lako kabla ya kununua yako. Jirani atakupa, na jioni mtatazama pamoja taarifa ya habari.