Nani Anambeba Nani?

Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayerusha mpira, na sifa zote huishia kwake. Akipiga pasi fupi ya yadi tano, mdakaji akawatoroka mabeki na kukimbia yadi sitini nyingine, zote 65 zinaandikwa kwenye hesabu yake. Ndiyo maana mimi takwimu zake siziamini mpaka nijue ni akina nani walikuwa wakimdakia.

Mfuate mdakaji Randy Moss. Mwaka 1998 alijiunga na Minnesota Vikings, msimu wake wa kwanza kwenye ligi, akadaka pasi 17 za tachidauni, yaani zilizofikishwa eneo la mwisho na kuleta pointi. Mrushaji alikuwa Randall Cunningham, mzee wa miaka 35 ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameacha mpira na kufanya biashara ya kukata mawe. Msimu huo alirusha tachidauni 34, na timu ikashinda mechi 15 kati ya 16.

Sasa mtazame Moss huyohuyo Oakland, 2006. Timu ilishinda mechi 2, yeye akapata tachidauni 3, watu wakasema amekwisha. Mwaka uliofuata akahamia New England kwa kwotabeki Tom Brady, akadaka 23, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Brady naye akapanda kutoka tachidauni 24 hadi 50. Mdakaji bora bila wa kumrushia ni mkimbiaji tu.

Lakini ukihesabu mipira aliyodaka Moss peke yake, umeona nusu ya kazi. Alikuwa mrefu, ana mbio za ajabu, na kila alipochomoka kwenda mbele, beki wa mwisho alilazimika kurudi nyuma kumsaidia mwenzake. Timu inayojihami ina watu 11; wawili wakimfuata mmoja, kuna pengo mahali. Pengo hilo lilikuwa katikati, karibu, na mdakaji mwenzake Wes Welker alilifanya shamba lake: alidaka pasi 112 msimu huo wa 2007. Moss hakuigusa hata moja kati ya hizo, ila nyingi zilitokana na mabeki kumhofia yeye.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa 2008. Brady aliumia goti mechi ya kwanza, akaingia Matt Cassel, ambaye hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu sekondari. Chuoni alikuwa kwotabeki wa akiba tu. Akiwa na Moss na Welker alirusha tachidauni 21, pasi zake 11 zikanaswa na wapinzani, timu ikashinda mechi 11. Mwaka uliofuata akachukuliwa Kansas City kama kwotabeki wa kutegemewa: tachidauni 16, zilizonaswa 16. Kocha na mfumo pia vilibadilika, sitaki kuonea. Hata hivyo tofauti ni kubwa.

Kwa hiyo naona nyota wa kudaka humwinua zaidi kwotabeki wa kawaida. Yule bingwa atatafuta mwingine aliye wazi. Kansas City ilipomuuza mdakaji wake nyota Tyreek Hill kwenda Miami mwaka 2022, kwotabeki wao Patrick Mahomes alimgeukia mdakaji mwingine, Travis Kelce, akarusha tachidauni 41 na kutwaa ubingwa. Huko Miami, akiwa na Hill, kwotabeki Tua Tagovailoa, ambaye wengi walimtilia shaka, aliongoza ligi nzima msimu wa 2023 kwa yadi 4,624. Mwisho wa msimu huohuo Mahomes, bila Hill, alichukua ubingwa wake wa tatu.